Mchanganyiko "umechemka" huku ukipoa: utajuaje kama mmenyuko umetokea?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Darasani tulimwaga siki juu ya magadi soda, mchanganyiko ukachemka na kutoa povu jingi, tukaambiwa huo ni mmenyuko wa kikemikali. Kisha tukachanganya asidi ya haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi. Sikuona chochote, nikaandika 'hakuna mmenyuko', nikakosa alama. Lakini nikifungua chupa ya soda naona povu lile lile na hakuna anayesema kuna mmenyuko. Sasa nitajuaje kwamba mmenyuko umetokea? Na kwenye safu ya uchunguzi natakiwa kuandika nini hasa?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla sijafika kwenye alama uliyokosa, turudi kwanza kwenye neno moja uliloliandika bila kulitilia shaka: "ukachemka". Kila mwaka nasahihisha daftari za jaribio hili, na kila mwaka nalikuta neno hilo. Ndicho Kiswahili chetu cha kila siku. Chochote kinachobubujika, sisi husema kinachemka. Lakini rudia jaribio lako, safari hii ukiwa na kipimajoto. Mimina mililita 100 za siki ya kawaida, yenye asidi kiasi cha asilimia 5, kwenye bika kubwa. Soma jotoridi, liandike. Kisha tia gramu 5 za magadi soda (nazungumzia ule unga mweupe laini wa kuumulia keki, ambao maabara huuita sodiamu haidrojenikaboneti). Povu litapanda kwa fujo, na wakati linapanda, kipimajoto kitakuwa kinashuka. Kitashuka nyuzi kadhaa. Ukiizungushia bika kiganja utausikia ubaridi.

Kitu kinachochemka hakipoi namna hiyo. Daftari lako, basi, liliandika jambo ambalo halikutokea, ingawa macho yako hayakukosea. Macho yaliona viputo. Neno ndilo lililotangulia, likakuambia tayari ulichokiona ni nini, na ukaacha kuangalia. Hapo ndipo penye jibu la swali lako lote, la kwanza na la pili.

Safu ya uchunguzi hupokea tu kile kilichofika kwenye macho, masikio, pua, ngozi au chombo cha kupimia. Hata kuandika "kabonidayoksaidi ilitoka" ni kosa katika safu hiyo. Hukuiona kabonidayoksaidi. Uliona viputo vya gesi isiyo na rangi. Jina la gesi linakaa kwenye safu ya hitimisho, na huruhusiwi kuliandika huko mpaka umeijaribu gesi yenyewe. Kama ningekuwa naandika mimi, ningesema hivi: unga mweupe ulipokutana na kimiminika kisicho na rangi, viputo vingi vya gesi isiyo na rangi vilitoka kwa kasi, ukasikika mlio wa kufukuta, povu likapanda kisha likatulia, jotoridi likashuka, unga ukatoweka na kikabaki kimiminika kisicho na rangi. Ni sentensi ndefu kuliko "mchanganyiko ulichemka", lakini mtu aliye mbali akiisoma anaweza kuliona jaribio lako.

Nimesema "kisicho na rangi" kwa makusudi. Wengi wetu tunayaita maji "meupe", na mtoto anayetoka nyumbani na neno hilo huandika "kimiminika cheupe" kwa siki, kwa asidi na kwa maji vilevile. Maziwa ni meupe. Maji hayana rangi. Tofauti hiyo si ya kubishana maneno tu, kwa sababu katika majaribio mengi habari yenyewe ni kwamba kimiminika kisicho na rangi kimegeuka kuwa cheupe. Ukiwa umeshakiita cheupe tangu mwanzo, badiliko limekupita. Tenganisha pia "angavu" na "isiyo na rangi". Mmumunyo wa mrututu, yaani kopa salfeti, ni angavu kabisa, unaweza kusoma maandishi kupitia kwake, na bado una rangi ya buluu. Na "kuyeyuka" nalo tunalitwisha mizigo miwili: barafu inayogeuka maji kwa joto, na chumvi inayopotelea ndani ya maji. Kwa ya pili, andika kwamba chumvi imemumunyika, au angalau "imeyeyuka ndani ya maji", ili msomaji asidhani uliichoma.

Sasa, mmenyuko ni nini? Ni pale vitu vilivyokuwapo vinapovunja na kuunda upya viungo vyake vya ndani, kikapatikana kitu ambacho hakikuwapo. Hicho kitu kipya ndicho hasa tunachokitafuta. Viputo, rangi, joto, ubaridi, mashapo (yaani kigumu kinachojitokeza ndani ya kimiminika) na harufu ni mashahidi wake, na shahidi anaweza kusema kweli, anaweza kukosea, na wakati mwingine hafiki kabisa.

Chukua chupa yako ya soda. Gesi ile ilisukumwa kwa shinikizo ikaingia kwenye kinywaji, ikamumunyika humo, na chupa ikafungwa. Ulipofungua, shinikizo lilishuka, na gesi haikuweza tena kubaki yote ndani. Ilitoka jinsi ilivyoingia. Sehemu ndogo sana ilikuwa imeungana na maji kuwa asidi ya kaboniki, na hiyo nayo hurudi kuwa gesi na maji, lakini sehemu kubwa kabisa ya povu lile ni gesi iliyokuwa imejificha tu. Kwenye siki na magadi soda, kabla hujachanganya hapakuwa na gesi hiyo mahali popote: si ndani ya siki, si ndani ya unga. Ilizaliwa kwenye bika. Povu lenyewe halikuweza kukuambia tofauti hiyo. Ulihitaji kujiuliza gesi ilikuwa wapi kabla.

Mashahidi wengine nao wana udhaifu wao. Ukimumunyisha amonia kloraidi kwenye maji, neli jaribio itakuwa baridi mkononi mwako, na bado ukikausha maji utaipata amonia kloraidi ile ile. Ukichanganya wino wa njano na wa buluu utapata kijani bila kitu kipya kuundwa. Ukimwaga maji kwenye mmumunyo wa mrututu, buluu itafifia kwa sababu tu imesambaa. Ndiyo maana sipendi orodha ya "dalili tano za mmenyuko" inayokaririwa usiku wa kuamkia mtihani. Mwanafunzi anaihesabu kama mwenye kutafuta ushindi wa kura, ilhali shahidi mmoja aliyehojiwa vizuri anatosha.

Mashapo ni shahidi ninayemwamini zaidi kuliko wengi, na ningetamani kila darasa lipewe nafasi ya kumtazama kwa utulivu. Weka mililita 2 za mmumunyo wa mrututu kwenye neli jaribio, kisha dondoshea tone moja la mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi. Usitikise. Shusha macho usawa wa neli na utazame tone linapoingia. Pale lilipogusana na buluu ya mrututu hutokea kitu kama utando laini wa rangi ya samawati, kizito kidogo, kinachoning'inia kama ute kisha kushuka polepole. Vimiminika viwili angavu vimekutana na kukazaliwa kigumu ambacho hakimumunyiki kwenye maji. Endelea kuongeza matone mpaka mashapo yajae, kisha pasha moto taratibu huku mdomo wa neli ukiuelekeza mbali na watu: samawati itageuka nyeusi mbele ya macho yako. Kile cha kwanza kilikuwa kopa haidroksaidi, na cheusi ni kopa oksaidi.

Fanya tena, lakini badala ya sodiamu haidroksaidi tumia mmumunyo wa amonia. Matone ya kwanza yataleta mashapo ya samawati yanayofanana na yale ya mwanzo. Mwenye haraka ataandika "mashapo ya samawati" na kuhama meza. Mwenye subira ataendelea kuongeza, na mashapo yatatoweka, mmumunyo ubaki angavu wenye buluu iliyokoza sana, buluu ambayo mrututu wenyewe hauna. Matone matano yanatenganisha majibu mawili. Andika, basi, ulichokiona kwa kiasi kidogo na ulichokiona kwa kiasi kingi.

Suala la muda limewahi kunifundisha mimi mwenyewe jambo. Siku moja kundi moja lilikuwa likipitisha gesi ya siki na magadi soda kwenye maji ya chokaa, jaribio la kawaida kabisa la kuitambua kabonidayoksaidi. Walikuwa wakibishana kuhusu nani ashike mrija, gesi ikiendelea kupita. Walipotazama, maji ya chokaa yalikuwa angavu. Wakaandika: "hakuna badiliko". Nilitaka kuwaambia wamekosea kuunganisha mrija. Kisha msichana mmoja wa kundi la jirani akasema yeye aliyaona yakiwa kama maziwa kabla hayajawa hivyo. Alikuwa sahihi. Kabonidayoksaidi ikiingia kwenye maji ya chokaa huunda kalsiamu kaboneti, nyeupe, isiyomumunyika, ndiyo inayoleta ule weupe. Ukizidisha gesi, kaboneti hiyo hugeuka kuwa kalsiamu haidrojenikaboneti, ambayo humumunyika, na maji yanakuwa angavu tena. Kundi lile liliona sura ya mwisho ya jambo lililokuwa na sura mbili. Tangu siku hiyo nadai saa iandikwe kwenye daftari: kilichoonekana mara tu, baada ya nusu dakika, baada ya dakika tano.

Tuje kwenye jaribio lililokugharimu alama. Asidi ya haidrokloriki haina rangi, sodiamu haidroksaidi haina rangi, na vinavyopatikana, yaani chumvi ya kawaida iliyomumunyika na maji, havina rangi pia. Hakuna gesi, hakuna mashapo. Kwa macho peke yake hakuna habari yoyote, na wewe uliripoti kwa uaminifu kwamba hukuona kitu. Lakini kuna joto. Ukichukua mililita 50 za kila kimoja, vyote vikiwa na ukali wa moli 1 kwa lita, ukavichanganya kwenye kikombe kisichopitisha joto kwa urahisi, kipimajoto hupanda karibu nyuzi 7. Kwenye neli jaribio yenye matone machache joto hilo linapotea kwenye kioo na hewani kabla hujalisikia, ndiyo maana halikukufikia.

Na ukitaka kuuona mmenyuko huo kwa macho, mwite shahidi wa kukodi. Tia matone mawili ya finolfthalini, yaani kiashiria kinachobadili rangi, kwenye sodiamu haidroksaidi. Itageuka waridi iliyokoza. Sasa ongeza asidi tone kwa tone ukizungusha chombo. Kila tone litafungua kidoa kisicho na rangi ambacho kitamezwa na waridi. Kadiri unavyokaribia mwisho, kidoa hicho kitachelewa kumezwa, kisha tone moja tu, moja, litafuta waridi yote. Mmenyuko ulikuwa ukiendelea kwa kila tone tangu mwanzo; rangi ilikuonyesha tu pale haidroksaidi ilipokwisha. Huo ni ushahidi mzuri kuliko povu lolote.

Kuna shahidi mwingine ambaye madarasa mengi humsahau, naye ni mizani. Rudi kwenye bika yako ya siki. Ukiiweka juu ya mizani pamoja na kile kikaratasi chenye gramu 5 za magadi soda, ukasoma uzito, kisha ukamimina unga ndani na kurudisha kikaratasi mahali pake, uzito utapungua mbele yako. Gramu 5 hizo zikimenyuka zote huzaa takriban gramu 2.6 za kabonidayoksaidi, ambazo kwa jotoridi la chumbani hujaza karibu lita 1.4. Mizani itapungua kidogo chini ya hapo kwa sababu sehemu ya gesi hiyo hubaki imemumunyika kwenye kimiminika. Hivi ndivyo Joseph Black, daktari na mkemia wa Scotland, alivyoifuatilia gesi hii katika miaka ya 1750: alipima uzito wa chumvi ya magnesiamu kabla na baada ya kuichoma, akaona uzito uliopotea ulikuwa wa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Hakuwa na jina tunalolitumia leo. Alikuwa na mizani, maji ya chokaa na nidhamu ya kuandika kile alichokipata.

Nimesema jina la gesi linasubiri jaribio. Majaribio yenyewe ni mafupi. Gesi inayoyafanya maji ya chokaa kuwa kama maziwa ni kabonidayoksaidi. Inayowasha tena kijiti chenye kaa jekundu ni oksijeni. Inayopasuka kwa mlio mfupi mkali ukiisogezea kijiti kinachowaka ni haidrojeni. Inayogeuza karatasi nyekundu ya litmasi yenye unyevu kuwa buluu ni amonia. Kaa lako jekundu likizimika, usiandike "kabonidayoksaidi". Gesi nyingi huzima moto.

Pia usifikiri mmenyuko uliosimama umekwisha. Tupia kipande cha marumaru kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa: kitatoa viputo kwa nguvu, kisha vitapungua na kukoma, ingawa marumaru bado ipo na asidi bado ipo. Kalsiamu salfeti, ambayo haimumunyiki sana, imejenga ukoko juu ya kipande na kuwatenganisha wawili hao. Mwanafunzi anayeandika "viputo vilikoma" yuko sahihi. Anayeandika "asidi iliisha" amejaza pengo kwa kubahatisha.

Naomba sasa unisikilize kama mzazi. Udadisi wako ni mzuri, na ndio unaonitia hofu kidogo, kwa sababu najua ukitoka darasani utatazama chupa zilizopo bafuni na kujiuliza zikichanganywa itakuwaje. Dawa ya klorini ya kutolea madoa ikikutana na siki au asidi yoyote hutoa gesi ya klorini, inayounguza njia ya hewa na mapafu. Ikikutana na amonia hutoa gesi za kloramini, nazo ni sumu. Hayo si majaribio ya kufanya hata kwa kiasi kidogo, hata dirisha likiwa wazi. Siki na magadi soda navyo, visivyo na madhara kwenye bika, vikifungiwa ndani ya chupa yenye kizibo vinaweza kuipasua. Kumbuka ile lita 1.4 inayotafuta pa kwenda. Asidi kali huongezwa polepole kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Harufu usiivute kwa kuinamia neli. Ishike mbali na uso na uipepee kwa kiganja kuelekea puani. Usionje kitu chochote cha maabara, hata kile ulichohakikisha kwamba ni chumvi ya kawaida. Na miwani ya kukinga macho ivaliwe tangu unapoanza kumimina, si baada ya kuona povu.

Kuhusu alama yako: mwalimu wako alikuwa na haki ya kuikata, nawe ulikuwa karibu kuipata kuliko unavyodhani. "Hakuna mmenyuko" ni hitimisho, na uliliweka kwenye safu ya uchunguzi bila shahidi hata mmoja. Kwa kilichokuwa mbele yako siku ile, uchunguzi sahihi ungekuwa: "Vimiminika viwili visivyo na rangi vilichanganywa, kikapatikana kimiminika kisicho na rangi, hakuna viputo, hakuna mashapo, jotoridi halikupimwa." Maneno mawili hayo ya mwisho yangekuonyesha mwenyewe kilichobaki kufanywa. Omba kipimajoto, vikombe viwili na mililita 50 za kila mmumunyo, ufanye tena mbele ya mwalimu wako, na uniandikie nyuzi ulizozipata.